Endelea kama Bonge

3 Machi

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu ndilo daftari nililo nalo. Mbele kumejaa viuno na mabega ya wateja, nyuma kulikuwa kweupe.

Leo tumefungua mfuko. Ulikaa juu ya kabati tangu Januari, ule mfuko wa plastiki tuliopewa kwenye ghala alilokuwa akifanya kazi mwanetu, siku ile shehena ya magunia ilipomwangukia. Mimi nilitaka ubaki umefungwa. Mzee, mume wangu, akasema miezi miwili inatosha. Ndani kulikuwa na mkanda, pochi, funguo ambazo hatujui ni za wapi, na saa yake ya mkononi, ile ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Imezimika.

Mkanda niliutambua kwanza. Nilimwongezea kipande mimi mwenyewe, maana wa dukani haukumzunguka. Tulianza kumwita Bonge akiwa na miaka mitatu, naye akalipenda jina mpaka akawa analiandika kwenye kila kitu chake. Mtoto mmoja tu tulijaliwa, na huyo mmoja alitujazia nyumba.

Mzee ameichaji saa, akakaa nayo barazani peke yake mpaka ikawaka. Mimi nilirudi kwenye cherehani.

4 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

6 Machi

Mzee ameanza kuivaa. Ameifunga tundu la mwisho na bado inamcheza mkononi. Anasema ni kwa ajili ya kisukari chake. Sista wa kliniki, yule anayemhudumia huu mwaka wa sita, alimwambia ale kulingana na kazi anayoifanya mwili. Sasa saa inamwambia kila jioni mwili umefanya kazi kiasi gani, kwa kalori. Leo elfu tatu na mia mbili.

"Mama, unajua hiyo ni chakula kiasi gani?"

Nikamwambia mimi najua inchi tu.

"Ni sahani mbili za wali, mkate, na chai yenye sukari. Na bado kuna nafasi."

Nikampakulia. Tangu msiba alikuwa anachezea chakula kwa kijiko mpaka kinapoa. Leo kaomba nyongeza kwa kinywa chake. Angeniomba sufuria nzima ningempa.

9 Machi

Mvua. Saa inasema Mzee kapiga hatua elfu kumi na nne. Karakana yake ya useremala iko hatua themanini kutoka mlangoni, nimezihesabu. Labda alikuwa anazunguka meza.

14 Machi

Leo nimecheka, na ninaandika ili nikumbuke kwamba nimecheka.

Mzee alikuwa anaoga, saa iko mezani. Nikaivaa nikaendelea na kazi. Nina sare thelathini za shule za kumaliza, na cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono. Saa moja baadaye nikaitazama. Hatua elfu nne na mia tano, kalori mia sita, na picha ya kikombe cha ushindi. Nimekaa kwenye kigoda muda wote huo, sijainuka hata kuchukua uzi.

Mzee alipotoka nikamwambia, "Baba, mwenzio nimetembea mpaka mji wa pili na kurudi, na makalio yangu hayajui."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia ndiyo maana: yeye akipiga randa, mkono unakwenda na kurudi, saa inadhani anatembea. Lakini akisukuma toroli la mbao, mkono umetulia kwenye mpini, saa inadhani kapumzika. "Kwa hiyo huku inazidisha na huku inapunguza. Mwisho inakuwa sawa."

Nikasema haya, wewe ndiye fundi wa vipimo vya mbao.

18 Machi

Mwalimu amekuja kuchukua sare. Akaniita Mama Bonge. Nikamwomba, kwa upole, aniite Fundi. Sasa wote wananiita Fundi, mpaka muuza mkaa. Mzee naye ananiita Mama tu, anakatia hapo. Mama wa nani, hasemi, nami simuulizi.

24 Machi

Suruali ya Mzee ya kazi inamvuka. Nimempima kiuno. Desemba kilikuwa thelathini na sita, leo thelathini na nne na nusu. Nimeipunguza pande zote mbili, mshono umelala vizuri.

Nilifurahi. Sista alikuwa akimsema kila mwezi kuhusu hicho kitambi. Saa nilikuwa naitania, lakini futi yangu ya kupimia naiamini. Miaka ishirini na saba haijaniharibia nguo ya mtu.

29 Machi

Mvua, siku ya tano mfululizo. Kitambaa hakikauki, chaki haishiki.

2 Aprili

Ilikuwa siku ya kliniki. Njia imejaa maji, Mzee hakwenda. Nilimwambia asubiri kidogo, pengine itapungua. Akainua mkono akanionyesha saa. "Sista ataniambia nini ambacho hii haijaniambia? Nakula kwa kipimo, nafanya kazi, nimepungua. Wewe mwenyewe umenipima."

Ni kweli, nilikuwa nimempima mwenyewe. Nikarudi kwenye cherehani.

8 Aprili

Wifi yangu, dada yake Mzee, alikuja na mwavuli uliovunjika na mdomo mzima. Hajakaa hata kitini akasema, "Wifi, kaka yangu anaisha. Unampa nini humu ndani?"

Nikamjibu nampa chakula, tena sahani mbili.

"Basi kinakwenda wapi? Mashavu yameingia. Shingo imekuwa ya kuku. Mama Bonge, huyu mtu anaumwa."

Hapo ndipo nilipokasirika. Si kwa ugonjwa, kwa lile jina. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, likiwemo kwamba yeye hana mume wa kumpakulia ndiyo maana ana nafasi ya kuhesabu matonge ya wenzake. Akachukua mwavuli wake akaondoka bila kunywa chai. Mzee alikuwa karakana, hakusikia, randa ilikuwa inalia.

9 Aprili

Sijamwomba radhi wifi. Mvua.

15 Aprili

Kiuno thelathini na tatu. Nimepunguza suruali mbili na koti. Nilimwambia akiendelea hivi atavaa nguo zake za harusi, akasema basi tuoane tena.

Anakunywa maji kupita kiasi. Mtungi haufiki jioni, na kila dakika yuko nje kukojoa. Nilimuuliza. Akanionyesha saa: kila baada ya muda inatetemeka, inamwambia anywe maji. Kumbe anatii amri. Nikaona ni jambo zuri, maana mimi nikimwambia kitu hatii.

19 Aprili

Jirani kafiwa na mbuzi, mafuriko. Tumeshinda ndani.

23 Aprili

Nimeingia karakana bila kubisha, nimepeleka uji. Mzee alikuwa amekaa juu ya benchi, ameinamia saa, anaisemesha. Sikusikia maneno yote. Nilisikia, "Na leo umechoka?" Aliponiona akashika msasa akaanza kusugua ubao uliokwisha kusuguliwa.

Nimerudi kwenye cherehani nikaendelea kushona, lakini mshono ulikwenda kombo na nimelazimika kufumua kola nzima.

27 Aprili

Viatu vyake vya kazi havijakauka huu mwezi mzima. Vimekuwa vigumu, vinamkwaruza. Nilimwambia avae vya Bonge vilivyo chini ya kitanda, ingawa ni vikubwa. Aliniangalia kama nimemtukana. Akavaa vyake vilevile vyenye maji.

2 Mei

Leo Bonge angetimiza miaka thelathini. Nilijua kwamba Mzee anajua, naye alijua kwamba najua, tukanywa chai.

Saa ikatetemeka mezani, karibu na kikombe. Ikatetemeka tena, ndefu. Kioo kikajaa rangi, vipande vya karatasi vinaanguka kutoka juu mpaka chini. Nikasoma kabla Mzee hajaifunika kwa kiganja: "Heri ya kuzaliwa, Bonge! Leo umetimiza miaka 30."

Niliuondoa mkono wake. Alikuwa na nguvu kidogo sana, nilishangaa. Nikabonyeza huku na kule mpaka nikafika pale penye maelezo ya mwenye saa. Bonge alikuwa ameiweka kwa Kiswahili, kila kitu kinasomeka. Jina: Bonge. Jinsia: mume. Umri: 30. Uzito: kilo 118.

"Mzee," nikamwambia, "hii haikuhesabii wewe."

Akasogeza kikombe chake.

"Inamhesabia yeye. Kila siku ulikuwa unakula chakula chake yeye."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile pale barazani. Ilipowaka iliniuliza, Endelea kama Bonge? Kukawa na sehemu mbili za kubonyeza. Ndiyo. Na nyingine, Hapana, anza upya." Alikuwa anaongea akitazama kikombe. "Nilishindwa kusema hapana, Mama. Kila asubuhi inamsalimia. Inasema, habari za asubuhi, Bonge, jana umefanya kazi kweli. Ni kitu kimoja tu duniani ambacho hakina habari kwamba amekufa. Nikasema basi nisiwe mimi wa kukiambia."

Nililia, naye akalia, kila mtu upande wake wa meza. Mimi siku zote nikitaka kutuliza moyo nashika kazi, kwa hiyo nikamwambia asimame nimtie pini suruali, maana imemvuka tena. Nikapiga magoti nianze na pindo la chini.

Ndipo harufu ikanijia. Nilidhani ni kiatu. Nikamwambia avue. Akasema mguu hauumi hata kidogo, akavua ili kunionyesha kwamba hauumi. Soksi haikutoka, ilikuwa imegandana na ngozi. Niliilowesha kwa maji ya uvuguvugu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa cheusi, na weusi umepanda mpaka katikati ya unyayo.

"Hauumi," akarudia. Alikuwa anashangaa kama mimi.

3 Mei

Hospitali. Sukari imepanda mpaka mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba iko juu. Daktari ni kijana, mpole, anaongea akikutazama. Amesema mguu utakatwa chini ya goti, na asubuhi, si wiki ijayo.

Mzani wao unasema kilo hamsini na nane. Desemba alikuwa sabini na nne.

4 Mei

Wamekata.

6 Mei

Sista wa kliniki amekuja wodini kumwona Mzee. Alikuwa amelala, tukazungumza kwenye korido. Nilimpa saa. Nilitaka aniambie kwamba ni mbovu.

Akasema si mbovu. "Mama, hii haina macho ya kuona ndani ya mwili. Inasikiliza mapigo ya moyo, inaona mkono unavyocheza, halafu inachukua umri na uzito ulioiambia, inapiga hesabu. Inakisia. Hata ukiipa maelezo ya kweli bado inakisia, na inaweza kukosea vibaya. Mapigo huenda inayasoma vizuri. Kalori, usiipikie."

"Nilimwona anapungua," nikasema. "Nikajua inafanya kazi."

Alisita. Mtu mwema husita hapo.

"Sukari ikizidi kwenye damu, mwili haupati chakula hata ukila sahani tatu. Unaanza kujila wenyewe. Na ile kiu, na kukojoa kila wakati, ni hiyo hiyo. Kule kupungua ndiko kulikuwa ugonjwa."

Basi ndiyo hivyo. Inchi ile ya kwanza niliyoipunguza kwa furaha, mshono ukalala vizuri, ilikuwa ni mume wangu anayeyuka. Nilimpima kwa mikono yangu mara tatu. Nikaandika humu humu, kurasa za mbele, tarehe na namba. Futi yangu haikusema uongo hata mara moja. Mimi ndiye niliyeisoma kama mjinga.

Na saa nayo niliijua. Tarehe kumi na nne Machi ilinipa kikombe cha ushindi nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Nikacheka tu.

9 Mei

Nimekwenda kwa wifi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Alipofungua mlango nikasema tu, "Wifi, uliona, mimi sikuona."

Akanivuta ndani. "Ulikuwa unamlisha," akasema. "Mtu aliyezika mtoto wake akimwona mwenzake anakula, ataona nini kingine?"

Alinipa chai. Niliinywa yote, pamoja na ile niliyomnyima mwezi uliopita. Miaka yote nilimwona mmbea. Kumbe ni mtu anayetazama watu, na mimi nilikuwa natazama nguo zao.

13 Mei

Mzee amekaa kitandani. Anauliza nani anaangalia mbao zake.

17 Mei

Tumerudi nyumbani. Wifi ameshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Hatua themanini za karakana zimekuwa mbali. Mzee alitazama mlango wake mpaka tukamwingiza ndani.

20 Mei

Mvua imepungua. Sindano asubuhi, sindano jioni, Sista kanifundisha. Mkono wa kushona unajua sindano, lakini si ya namna hii. Siku ya kwanza nilimwomba Mzee radhi kabla na baada.

Chakula napakua kwa kikombe alichonipa Sista. Mzee anakula bila kuuliza namba.

25 Mei

Jua, tangu asubuhi. Nimeanika kila kitu.

Nilimpima suruali mpya. Alikaa ukingoni mwa kitanda, nikapiga magoti. Mguu wa kulia arobaini na moja. Wa kushoto ishirini na nane. Nimeandika kwenye ukurasa wake, chini ya zile namba tatu za kiuno. Ukurasa unaofuata ni wa Bonge, kiuno hamsini na mbili, shingo kumi na tisa. Nilikuwa nauruka tangu Januari. Leo nimeuacha wazi.

Mzee akaniomba saa. Ilikuwa imezimika tangu hospitalini. Nikaichaji, tukakaa nayo wote wawili tukiisubiri. Ikawaka. Ikauliza, Endelea kama Bonge?

Mzee aliitazama muda mrefu. Nilikuwa tayari kumwachia abonyeze anachotaka, na Mungu anisamehe, nusu yangu ilitaka abonyeze Ndiyo. Akaninyooshea.

"Wewe ndiye uliyemzaa," akasema. "Mimi sitaweza."

Nilikumbuka mkunga aliponiambia ni wa kiume, na ni mkubwa, mama, pole. Nikabonyeza Hapana, anza upya. Ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Mtu akifa mara moja inatosha, huyu wangu nimempoteza mara mbili, na ya pili ni kwa kidole changu mwenyewe. Niliona kioo kinakuwa cheusi.

Kisha ikaanza maswali. Umri. Sitini na sita. Jinsia. Uzito. Sitini, ameongezeka kilo mbili. Kuhusu mguu haikuuliza chochote.

"Inataka jina," nikamwambia.

Nilidhani atasema jina lake la kwenye vyeti, ambalo hata mimi nalisikia hospitalini tu. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Andika lile ninaloitwa," akasema. "Mimi ni nani? Andika Baba Bonge."

Niliandika herufi moja moja, vidole vyangu vinene kwa kioo kile. Ikafikiri kidogo, kisha ikatetemeka.

"Inasemaje?"

"Inasema, Karibu, Baba Bonge."

Akanyoosha mkono nimfunge. Tundu la mwisho halitoshi tena, nimetoboa jipya kwa sindano ya kushonea viatu.

Jioni Mwalimu kapita na kitambaa cha sare za muhula ujao. Akasimama mlangoni akaniita Fundi. Nikamwambia, samahani Mwalimu, lile jina la zamani, ukipenda, unaweza kulirudia. Akaliita taratibu, kama anajaribu kiatu. Nikaitika.